Kich'ol, Kich'olti', Kich'orti': ni lugha moja yenye tahajia tatu?

SWALI: Nasoma isimu mwaka wa pili. Mwalimu wetu alisema maandishi ya mawe ya Wamaya yako katika Kich'olti'. Kitabu kimoja kinasema Kich'ol, kingine Kich'orti'. Je, ni lugha moja inayoandikwa kwa namna tatu? Kichontal nacho kinaingia wapi? Halafu tulipewa maneno sita bila jina la lugha: chay "samaki", sots' "popo", be "njia", chan "nyoka", yax "kijani", na "nyumba". Nusu ya darasa inasema ni Kich'ol kwa sababu ya hizo ch. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hizo ni lugha tatu, na Kichontal ni ya nne. Zote nne ndizo tawi la Kich'olan. Kuhusu maneno sita, waliosema Kich'ol wamekosea, lakini hawakukosea mbali. Nitayarudia mwishoni, maana kwanza unahitaji vifaa vya kuyapima.

Tuanze na nani yuko wapi. Kich'ol kinazungumzwa kaskazini mwa jimbo la Chiapas, Mexico, katika miji na vijiji vya Tila, Tumbalá, Sabanilla, Salto de Agua na kandokando ya Palenque. Sensa ya Mexico ya 2020 ilihesabu wazungumzaji zaidi ya 250,000. Kichontal kiko jirani, katika nyanda za majimaji za jimbo la Tabasco, hasa Nacajuca, Centla na Macuspana, na sensa hiyohiyo iliwapata wazungumzaji 60,000 hivi. Kich'orti' kiko mbali sana na hao wawili, mashariki mwa Guatemala: Jocotán, Camotán na Olopa katika Chiquimula, pamoja na La Unión katika Zacapa. Kiliwahi kuwa pia lugha ya upande wa Copán, Honduras, ambako sasa Kihispania kimekimeza. Kich'olti' ndicho kilichokufa. Kilizungumzwa katika misitu iliyo kati ya hao wengine, na tunakijua karibu kabisa kupitia hati moja: sarufi na kamusi ya padri Mdominiko Francisco Morán wa karne ya 17, ambayo nakala yake ya 1695 imehifadhiwa Philadelphia.

Wanaisimu Terrence Kaufman na William Norman, katika kazi yao ya 1984 ambayo bado ndiyo msingi, waliwapanga wawili wawili: Kich'ol na Kichontal upande wa magharibi, Kich'olti' na Kich'orti' upande wa mashariki. John Robertson aliona Kich'orti' ni mtoto hasa wa Kich'olti', si ndugu yake. Wengine hawakubali. Kwa swali lako tofauti hiyo si kubwa.

Ndugu wa karibu zaidi wa tawi zima ni Kitzeltal na Kitzotzil, lugha za nyanda za juu za Chiapas, kila moja ikiwa na watu zaidi ya nusu milioni. Nje ya kundi hilo kuna Kiyukateki na wenzake (Kilacandon, Kiitzaj, Kimopan), kundi la Kik'iche' na Kikaqchikel, kundi la Kimam, kundi la Kiq'anjob'al, na mbali kaskazini, kwenye Ghuba ya Mexico, Kiwastek. Jumla ni lugha 30 hivi, zote zikitoka katika lugha moja ya kale tunayoweza kuiita Kimaya mame.

Kabla ya kulinganisha maneno, hakikisha unasoma herufi sawasawa, kwa sababu makosa mengi ya wanafunzi huanzia hapo. Herufi x ni sh. Herufi j ni h nzito, karibu na kh ya "kheri". Herufi q ni ile qaf ya Kiarabu, inayotamkwa nyuma zaidi ya k. Ritifaa baada ya konsonanti si pambo: inaonyesha kwamba koo limefungwa na sauti inaachiwa kwa mlipuko mkavu. Katika Kiyukateki, kaan ni nyoka na k'aan ni kitanda cha wavu, kwa hiyo ukidondosha ritifaa umelala juu ya nyoka. Ni b' hasa inayokwenda kinyume, hewa ikivutwa ndani, na hiyo ndiyo b ambayo watu wa mwambao wetu huitamka katika "baba" bila kufikiri. Ipo pia ng' ya "ng'ombe", ambayo Kimaya mame kilikuwa nayo na baadaye lugha nyingi zikaipoteza.

Sasa kipimo chenyewe. Unajua kwamba Kiswahili "njia", Kikuyu "njĩra" na Kinyarwanda "inzira" ni neno moja. Hatusemi hivyo kwa sababu yanafanana kwa macho, bali kwa sababu Kiswahili kimedondosha ile l ya kale katika maneno mengi, kwa utaratibu unaotabirika. Lugha za Kimaya zinapimwa hivyohivyo. Usiulize "yanafanana?" Uliza "sauti gani ya zamani imegeuka nini, na je, imegeuka hivyo katika maneno mengine pia?" Kinyota mbele ya neno kinaonyesha umbo lililorejeshwa na wataalamu, lisiloandikwa popote.

Chukua *kar, "samaki". Kik'iche' na mwenzake Kiq'eqchi' bado vinasema kar. Kiyukateki kinasema kay. Kich'orti' chay, Kich'ol chäy, Kitzeltal chay, Kitzotzil choy. Katika neno hili fupi kuna mabadiliko mawili. La kwanza ni r kuwa y: linaonekana Kiyukateki, Ch'olan na Tzeltal vilevile, kama unavyoona pia katika "kijani", ambalo ni rax kwa Kik'iche' na yax kwa Kiyukateki na Kich'orti'. Kwa hiyo y inakuambia tu kwamba hauko katika kundi la Kik'iche'. La pili ni k kuwa ch, na hili Kiyukateki hakina. Nyoka ni kaan kwa Kiyukateki lakini chan kwa Kich'orti' na Kitzeltal. Nne ni kan kwa Kiyukateki, kajib' kwa Kik'iche', chän kwa Kich'ol. Mbili ni ka' kwa Kiyukateki, cha' kwa Kich'ol. Kulungu ni kéej kwa Kiyukateki. Kwa Kitzotzil neno lilelile ni chij, ila siku hizi linamaanisha kondoo, kwa kuwa Wahispania walipoleta mifugo watu walihamishia majina ya zamani kwa wanyama wapya. Wak'iche' walifanya vivyo hivyo: kej yao leo ni farasi. Ndiyo maana unapolinganisha maana usidai zilingane kabisa, ila umbo la sauti usilisamehe.

Si kila *k iligeuka ch; mabadiliko hayo yalikuwa na masharti yake. Ukikuta k ambapo ulitazamia ch, usikimbilie kusema sheria imevunjika. Inaweza kuwa *k iliyobaki, inaweza kuwa neno la kukopa, na mara nyingi inakuwa *q ya zamani. Kwa maana *q ilisogea mbele ikawa k: jua au siku ni q'ij kwa Kik'iche', k'in kwa Kich'orti', k'iñ kwa Kich'ol, k'iin kwa Kiyukateki. Neno hilohilo linaonyesha mwisho wa ng': Kik'iche' kiliigeuza j, hawa wengine wakaigeuza n. Nyumba ni ja kwa Kik'iche', na kwa Kitzeltal, naj kwa Kiyukateki, ilhali Kipopti' na Kichuj katika milima ya Guatemala vimebaki na ng' ya kale.

Mpaka hapa Ch'olan na Tzeltal ni kitu kimoja, na hapa ndipo darasa lenu lilipojikwaa. Kinachowatenganisha ni irabu. Katika Ch'olan, irabu ndefu *oo ikawa u na *ee ikawa i, katika maneno mengi. Tatu ni oxib' kwa Kik'iche', óox kwa Kiyukateki, oxeb kwa Kitzeltal, lakini ux- kwa Kich'ol, Kichontal na Kich'orti'. Popo ni sotz' kwa Kik'iche', sots' kwa Kitzeltal na Kitzotzil (jina la Watzotzil lenyewe linatokana na popo), lakini suts' kwa Ch'olan. Njia ni b'e kwa Kik'iche', be kwa Kitzeltal, lakini bij kwa Kich'ol. Maneno kadhaa yalisalimika, "nyumba" ya aina nyingine, otot, likiwa mojawapo, kwa hiyo usitegemee neno moja. Pata matatu au manne.

Otot lina somo lake. Umbo la kale ni *atyooty, lenye ty mbili. Kik'iche' kikazifanya ch: ochoch. Kiyukateki kikafanya ya kwanza t na ya mwisho ch: otoch. Kichontal na Kich'orti' vikazifanya t zote: otot. Kisha unafungua kamusi ya Kich'ol na kukuta otyoty, unashangilia kwamba Kich'ol ndicho kimehifadhi sauti ya kale. Sivyo. Kich'ol kilipitia t kama ndugu zake, kisha baadaye kikazilainisha t zake zote kuwa ty, hata zile ambazo hazikuwahi kuwa ty. Sauti imezunguka ikarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Usiitumie kama ushahidi wa ukale.

Mtego wa pili ni maneno yanayovutia macho. Wach'ol huita lugha yao lakty'añ, "maneno yetu". Wachontal huiita Yokot'an. Wayukateki husema maaya t'aan. Kumbe Watzeltal na Watzotzil husema bats'il k'op na bats'i k'op. Ukipima kwa neno hili peke yake utaamua kwamba Ch'olan ni ndugu wa Kiyukateki. Ila msamiati ni kitu cha kuazimana. Kiswahili kimejaa kitabu, habari na saa, na hakuna anayekihesabu miongoni mwa lugha za Kisemiti. Nyanda za chini za Wamaya zilikuwa na biashara, ndoa na vita baina ya wazungumzaji wa Ch'olan na wa Kiyukateki kwa zaidi ya miaka elfu, nao waliazimana maneno, viambishi na hata mipango ya sarufi. Kundi hufungwa na mabadiliko ya sauti yaliyofanyika pamoja.

Kuhusu kuazimana sarufi, mfano ni huu. Kich'ol kina seti mbili za viambishi vya nafsi. Ya kwanza hukaa mbele: k- "yangu", kama katika kotyoty "nyumba yangu", na ndiyo hiyohiyo ya mtendaji wa kitenzi elekezi. Ya pili hukaa nyuma: -oñ "mimi". "Alinipiga" ni tyi ijats'äyoñ, tyi ikionyesha kitendo kilichokamilika, i- akiwa mpigaji na -oñ mpigwa. Sasa "nililala" ni tyi wäyiyoñ, yaani anayelala anapewa alama ya mpigwa, kana kwamba sisi tungetumia ile -ni- ya "amenipiga" badala ya ni- ya "nimelala". Lakini kitendo kikiwa bado kinaendelea au ni cha kawaida, alama inahama: mi kwäyel, "nalala", ambapo k- ni ileile ya "yangu", kama kusema "kulala kwangu kunatokea". Mgawanyiko huu kwa hali ya kitendo upo pia katika Kiyukateki, ambacho si ndugu wa karibu, na haupo katika Kitzeltal na Kitzotzil, ambavyo ni ndugu wa karibu. Kich'orti' kimekwenda mbali zaidi kikatengeneza seti ya tatu kwa ajili ya vitenzi hivyo. Maelezo yenye nguvu zaidi ni ujirani.

Kuhesabu pia kutakufurahisha kwa kuwa unatoka katika lugha ya ngeli. Kich'ol husema cha'tyikil wiñik "watu wawili", cha'kojty ts'i' "mbwa wawili", cha'p'ej otyoty "nyumba mbili". Kwetu ngeli inakaa kwenye nomino na namba inafuata. Kwao nomino haibadiliki hata kidogo, na namba haiwezi kusimama bila kidokezo cha aina ya kitu: -tyikil kwa watu, -kojty kwa wanyama, -p'ej kwa vitu. Namba za Kihispania, ambazo Wach'ol wengi huzitumia kuanzia sita au saba na kuendelea, hazichukui kidokezo hicho.

Majina ya lugha yenyewe ndiyo yanayopoteza watu zaidi, pengine kuliko sauti. "Chontal" ni neno la Kinahuatl la kumwita mgeni, na Waazteki waliwabandika watu wengi. Kuna Wachontal wa Oaxaca ambao lugha yao si ya Kimaya kabisa, basi ukipakua orodha ya maneno hakikisha imeandikwa Tabasco. "Wach'ol wa Manche" wa hati za Kihispania si Wach'ol wa leo. Walikuwa wazungumzaji wa Kich'olti' kusini mwa Belize na katika Petén, kaskazini mwa Guatemala, na mwishoni mwa karne ya 17 Wahispania waliwahamisha kwa nguvu kwenda nyanda za juu za Guatemala. "Walacandon" wa mwaka 1695, waliotekwa mwaka huo, nao walizungumza Kich'olti'. Walacandon wa leo wanaokaa msitu uleule huzungumza lugha ya kundi la Kiyukateki. Ukisoma "Lacandon" angalia karne kwanza.

Sasa mawe. Maandishi ya Wamaya yanachanganya alama za neno zima na alama za silabi, na hizo silabi ndizo zinazotuambia lugha. "Nyumba yake" imeandikwa yo-to-ti, yaani yotoot, yenye t mwishoni: Kiyukateki kingedai ch. Nyoka na mbingu vinasomwa chan, tatu inasomwa ux, popo suutz', njia bih. Irabu hizo mbili za mwisho zinaondoa Kitzeltal. Kwa hiyo lugha ya maandishi mengi ya karne ya 3 hadi ya 9 ni ya tawi la Ch'olan, na hapo hakuna ubishi mkubwa.

Ubishi uko katika Ch'olan ipi. Mwaka 2000 Stephen Houston, John Robertson na David Stuart walitoa hoja kwamba ni ya mashariki, mzazi wa Kich'olti' na Kich'orti', wakiegemea zaidi viambishi vya vitenzi. Mwalimu wako anafuata hoja hiyo kwa kuikata kona: lugha ya mawe si Kich'olti' cha Morán, kwa sababu karne nane au zaidi zimekaa kati yao. Wapinzani wanasema mawe yenyewe hayasemi kwa sauti moja. Mfalme kuketi enzini huandikwa chumlaj katika maandishi ya zamani, kisha chumwan inajitokeza, mapema zaidi upande wa magharibi, katika karne ya 7, na kuenea. Tena ukoo wa wafalme wa nyoka waliotawala mji wa kale wa Calakmul unaandikwa Kaanul, kwa k, na mfalme mmoja wa Palenque anaitwa Kan B'ahlam, kwa k vilevile, katika mji uliozungukwa na Ch'olan. Kodeksi ya Dresden, kitabu cha kale cha Wamaya kilichoandikwa kwa mkono, ina sifa za Kiyukateki na za Ch'olan kwa pamoja. Kwa maoni yangu ni salama zaidi kuandika "lugha ya maandishi ya kale, ya tawi la Ch'olan" na kuongeza "ya mashariki" pale tu unapojadili hoja hiyo. Kuandika "Kich'ol" ni kosa, kwa vile Kich'ol cha leo hakina nafasi ya pekee katika nasaba hiyo, ingawa kinazungumzwa hatua chache kutoka Palenque.

Turudi kwenye maneno yenu sita. Yax ina y mahali pa r, kwa hiyo kundi la Kik'iche' linatoka. Chay na chan zina ch mahali pa k, kwa hiyo Kiyukateki kinatoka. Hapo darasa lilisimama, na nusu yenu mkaita Kich'ol. Endeleeni. Sots' ina o: Kich'ol kingekuwa na suts'. Be ina e: Kich'ol kingekuwa na bij. Tawi la Ch'olan lote linatoka. Zimebaki mbili, Kitzeltal na Kitzotzil, na hizo hutengana kwa a: Kitzotzil kina choy, chon na yox pale Kitzeltal kinapobaki na chay, chan na yax. Neno na ni lilelile kwa wote wawili, halisaidii kitu. Orodha yenu ni ya Kitzeltal.